Mbona Corolla yangu yala mafuta hivi?

SWALI: Fundi salaam aleikum. Nina Corolla 110 ya 1998, kila siku natoka Bamburi naenda kazini Likoni. Zamani lita moja nilikuwa naenda kilomita 12, sasa hata 8 sifiki, na moshi haitoi, plagi na eya klina nishabadilisha na bado. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla hujanunua kitu chengine nikuulize, themostati ipo, ile valvu yazuia maji yasende kwa rejeta mpaka injini ipate moto? Maana hapa Mombasa kuna huu mtindo, gari ikichemka mara moja tu fundi aitoa aitupa, eti huku kwetu ni joto, themostati haina kazi, na wewe washukuru. Sasa injini haipati moto wake sawasawa, kompyuta yadhani ndio kwanza umewasha asubuhi, basi yazidisha petroli tu. Tazama mshale wa temprecha, ukikimbia barabara wazi na mshale washuka chini ya kawaida yake, ushapata jibu. Rudisha themostati, na kama ilikuwa ikichemka tafuta sababu yenyewe, rejeta imeziba ama feni haizunguki.

Halafu chumvi hii ya bahari yala kalipa za breki, zile zabana pedi. Ukifika, sogeza mkono karibu na kila rimu (usiguse!), moja ikiwa na moto kushinda zengine, breki imeshika na gari yajivuta. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, kipimo kimeandikwa mlango wa dereva. Na foleni ya feri zima injini bwana, hapo lita moja ni kilomita sufuri.