Usinunue huo unga wa nafaka kumi na mbili

Dada, usitume hiyo hela! Mtoto ana miezi minane, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala tangu alipofikisha miezi sita, halafu mtu anakuuzia unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili eti atanenepa? Wangu nilimpa unga wa aina hiyohiyo mpaka mstari wa kadi ukashuka kwenye kijivu, yaani uzito pungufu. Nikimpigia muuzaji, jibu lake ni "endelea, mwili bado unazoea." Unazoea nini, njaa? Na bado anajitangaza kwa picha za watoto vibonge ambao hata yeye hajui wametoka wapi. Nikimwona napandwa na hasira.

Unga ukiiva unavimba, uji unakuwa mzito, basi tunauongezea maji upite kwenye chupa. Mimi nilipanua tundu la chuchu ya chupa kwa wembe. Sasa mtoto wa kilo nane tumbo lake linabeba kama mililita 240, kikombe kimoja tu. Ukilijaza maji ya uji atashiba, atasinzia, na ziwa atalikataa, wakati umri huo maziwa yako ndiyo yanayompa nusu ya nguvu yake au zaidi.

Ulezi, mtama, mchele, ngano, zote ni wanga. Kuzirundika hakuzigeuzi nyama. Karanga na mahindi ya kusagwa pamoja ndiyo naogopa kabisa, hujui vilihifadhiwaje. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Shika hili moja: uji ukae kwenye kijiko. Ukiinamisha kijiko ukatiririka kama chai, rudisha jikoni. Tumia unga wa nafaka moja, tia dagaa uliowachambua na kuwasaga mwenyewe, au yai lililoiva vizuri, na kijiko kidogo cha mafuta. Mlishe kwa bakuli na kijiko, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa anyonye usiku na mchana. Maini yakipatikana, ponda umpe, yana madini ya chuma.

Kesho mpeleke kliniki na kadi yake. Miezi miwili bila kuongezeka ni mingi, wampime mkojo na damu, waulizie kama kuna mwenye kikohozi nyumbani, isije ikawa kifua kikuu. Kama anaharisha au ana homa, usisubiri kesho. Na muuzaji mwambie umeghairi, akikubembeleza mzuie namba.