Bei ya Diski za Anime Ng'ambo: Nani Huipanga?

SWALI: Mimi ni msomaji wenu ninayeishi Minneapolis, Marekani, na hununua anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye diski za Blu-ray. Msimu wa sehemu 12 kutoka kampuni moja naupata kwa dola 40 hivi, ilhali kampuni nyingine huuza msimu wa urefu uleule kwa zaidi ya dola 150. Je, huku si kutunyonya wanunuzi? Tena, nikimtumia mdogo wangu aliyeko Mombasa diski hizo, zitacheza?

JIBU: Ndugu msomaji, kampuni hizo mbili hazifanyi biashara ya aina moja. Ile ya kwanza, bila shaka, imenunua leseni ya kuuza anime ya wengine. Anime nyingi humilikiwa na kamati ya uzalishaji ambamo mchapishaji wa hadithi, kampuni ya muziki, kituo cha televisheni na muuzaji wa diski huwa wametia fedha kwa pamoja. Kampuni ya Marekani huilipa kamati hiyo kima cha chini cha mrabaha kabla haijauza hata diski moja, kisha hugharimia tafsiri na waigizaji wa sauti, na muda wa leseni ukiisha haki hurudi kwa wenyewe. Kwa kuwa fedha zimekwisha kutoka, njia yake ya kuzirudisha ni kuuza nyingi kwa bei ya chini.

Kampuni ya pili huenda ni tawi la Wajapani wenyewe. Aniplex of America, kwa mfano, ni tawi la Aniplex ya Tokyo, iliyo chini ya Sony Music ya Japani. Wao huwalenga mashabiki wachache walio tayari kulipa bei inayokaribia ya Japani: mwaka 2011 kasha la filamu za Kara no Kyoukai liliuzwa Marekani kwa takriban dola 400. Bandai Visual USA ilikuwa imejaribu njia kama hiyo kabla yao, kwa diski ghali zenye sehemu chache, ikafungwa mwaka 2008.

Chanzo cha yote ni mnunuzi wa Japani. Huko, diski yenye sehemu mbili tu imekuwa ikiuzwa kwa yeni 6,000 hadi 8,000, na kwa miaka mingi mauzo hayo ndiyo yaliyorudisha gharama za anime za usiku wa manane, ambazo kamati yenyewe hulipia muda wa kurushwa hewani. Kwa hiyo wenye haki huhofia mnunuzi huyo asije akaagiza diski za bei nafuu kutoka Marekani. Enzi ya DVD hofu hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu dunia imegawanywa katika maeneo, na diski iliyofungwa kwa eneo moja haichezi kwenye deki ya kawaida ya eneo jingine: Japani ilikuwa eneo la 2 na Marekani eneo la 1. Blu-ray ilipokuja, nchi zote mbili ziliwekwa katika eneo A. Ghafla mtu wa Osaka akaweza kuagiza kutoka Marekani msimu mzima, wenye sauti ya Kijapani, kwa bei ya diski moja ya kwao.

Ndipo wenye haki walipoanza kutia masharti katika mikataba. Wengine huchelewesha toleo la Marekani, wengine hulazimisha maandishi ya tafsiri ya Kiingereza kwenye picha, yasiyoweza kuondolewa ukichagua sauti ya Kijapani. Kampuni ya Marekani ya Sentai Filmworks ilipotoa anime ya Persona 4 mwaka 2012, Blu-ray yake ilikuwa na sauti ya Kiingereza pekee. Aliyetaka kusikia waigizaji wa Kijapani ilimbidi anunue DVD, yenye picha hafifu zaidi. Maandishi ya kudumu mimi naweza kuyavumilia. Kuondoa sauti ya asili, hata hivyo, ni kumwadhibu mteja aliyelipa kihalali ili kumzuia mwingine aliye mbali naye.

Kuhusu mdogo wako, Kenya iko eneo B kwa Blu-ray na eneo la 5 kwa DVD. Diski iliyofungwa kwa eneo A haitacheza kwenye deki ya kawaida ya huko, labda iwe deki inayosoma maeneo yote. Tazama nyuma ya kasha kabla ya kulipa, kwani baadhi ya matoleo huandikwa A na B kwa pamoja. Usipoiona B, mwombe ndugu aliyeko Uingereza amnunulie Blu-ray ya huko, kwa kuwa Uingereza na Kenya zimo katika eneo moja. Lakini asimnunulie DVD, kwa sababu DVD za Uingereza ni za eneo la 2.