Jibu: Marubani wanaripoti, mafundi wanasema "iko sawa"

Umeuliza inakuwaje onyo lile lile la flapu (vibao vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kupaa na kutua) liandikwe na marubani watatu mfululizo, na kila mara fundi ajibu "imekaguliwa, iko sawa". Mara nyingi hakuna anayedanganya. Ndege ikiwa chini haina baridi ya futi 35,000 wala upepo unaosukuma flapu. Plagi ya waya iliyoingia unyevu huganda angani; ukija kuipima, barafu imeshayeyuka na kila kitu kinasoma vizuri.

"Flapu zina shida" haimsaidii fundi. Rubani aandike hivi: "Onyo liliwaka flapu zikitoka 5 kwenda 15, mwendo noti 180, futi 4,000, likazima baada ya sekunde 20." Hapo fundi anajua pa kuanzia. Naye asiishie "iko sawa", neno ambalo kwa kweli halina maana yoyote: ataje jaribio alilofanya, kifungu cha mwongozo, plagi aliyofungua, na namba ya kifaa kilichotoka na kilichoingia. La sivyo zamu inayofuata itabadilisha sensa (kihisi) ile ile tena, na waya uliochubuka ubaki palepale.

Kuhusu kuahirisha matengenezo: kwa kawaida hitilafu ya daraja B kwenye MEL (orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka vikiwa vibovu kwa muda) hupewa siku 3 irekebishwe, C siku 10, bila kuhesabu siku hitilafu ilipoandikwa.

Rubani akiwa bado hajaondoka uwanjani, mfuate umuulize. Ila atakachokwambia kiandikwe, maana fundi wa usiku hatakuwepo kukisikia.