Binti yangu haniambii tena kitu

Umeandika kutoka Wete kwamba binti yako wa miaka 14, aliyekuwa akikusimulia kila kitu akirudi skuli, siku hizi hukujibu "sijui" na "hamna" tu. Ulisoma daftari lake alipokuwa chuo cha Qur'ani, ukakuta jina la kijana, ukamweleza shangazi yake. Shangazi akamsema mbele ya binamu zake. Sasa unauliza: uikague simu yake, au umpeleke kwa maalim wake akanasihiwe?

Dada yangu, yote mawili yaache kwanza. Huyo kijana wa daftarini tutamfikia. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mtoto ameshajua kuwa likikufika wewe, limemfika shangazi. Ukimkagua simu atafuta ujumbe au ataazima ya rafiki yake, nawe hata hilo dogo unalolijua leo litakupotea.

Anza kwa kumuomba radhi, mkiwa wawili tu, kwa maneno machache: "Nilisoma daftari lako bila ya ruhusa, nikaitoa siri yako. Nimekosa, nisamehe." Nyamaza hapo. Wazazi wengi huongeza "lakini na wewe...", na radhi yote ikageuka kesi. Asipojibu, mwache. Kisha nenda kwa shangazi mwenyewe, umuombe jambo hilo lisitajwe tena, na binti ajue kuwa umekwenda.

Usimuitie kikao. Mtoto akiambiwa "kaa hapa tuzungumze" hujiona ameshitakiwa. Mkae kwenye kazi ya mikono: kuchambua karafuu jamvini kama ni msimu, kukuna nazi, kupeta mchele. Macho yakiwa kwenye kazi, mtoto husema asiyoweza kuyasema mkitazamana. Dakika 15 au 20 baada ya Isha zinatosha, na simu yako iwe mbali. Anza na mambo ya pembeni: "Wenzako wanaliogopa somo gani mwaka huu?" Akitaja la kukushtua, vuta pumzi mara tatu, ndipo umuulize: "Nikusikilize tu, au unataka nikushauri?" Ukimkemea palepale, kesho atakuletea habari za masomo tu.

Usimuahidi kuficha kila kitu. Mwambie mapema kuwa ya marafiki, ya skuli na ya moyo yatabaki baina yenu. Akiumizwa, akiguswa vibaya, au mtu mzima akimtaka, hapo utatafuta msaada, na yeye atakuwa wa mwanzo kujua unamwambia nani. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, na hospitali ya Chake Chake ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa.

Kuhusu kijana, subiri amtaje mwenyewe, kisha uulize kwa utulivu ana umri gani na wamejuana wapi. Akiwa ni mwenzake wa skuli, zungumzeni mipaka ya dini na ya masomo. Akiwa ni mtu mzima, hilo ni la 116 siku hiyohiyo. Na simu iwekewe sharti la wazi, kwa mfano usiku ilale ukumbini pamoja na yako.

Itachukua wiki nyingi. Kabla ya jambo kubwa atakuletea kisiri kidogo, labda cha rafiki yake, kisha atategea kuona kama kitamrudia kwa mdomo wa mtu mwengine. Kikikufika, hata bibi yake usimwambie.