L28 kwenye Datsun 240Z

Kaka, umeuliza kama injini ya L28 iliyofanyiwa ovahoo itaingia kwenye 240Z yako hapo Tanga. Inaingia vizuri, ni ukoo mmoja na L24, injini yake ya asili. Ninachokuomba, usiiwashe kwa pupa. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa mpya, ipake grisi ya kufungia injini, tia oili yenye zinki ya kutosha. Ikishawaka tu, ishikilie mizunguko 2,000 kwa dakika, kama dakika 20 hivi. Usiiache kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, itakula kamshafti siku hiyo hiyo! Rejeta nayo izibuliwe kwanza, joto la Tanga unalijua. Breki pia zikague. Gari hii ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, inastahili subira yako.