Mtoto Mmoja, Manesi Wawili, Rangi Mbili

Wiki hii nimepata ujumbe wa muuguzi kijana wa mapokezi ya dharura: “Dada, mtoto namweka njano, mwenzangu akipokea zamu anamshusha kijani. Nani kati yetu hajui kazi?”

Mdogo wangu, huenda wote mnaijua. Mafunzo ya ETAT (ya kupanga na kutibu haraka watoto wanaoumwa sana) ya Shirika la Afya Duniani mmepata yale yale: dharura, nyekundu, kwanza; kipaumbele, njano, afuate; wengine, kijani, foleni. Mnapoachana ni kwenye mikono na macho. Mmoja kamhesabia mtoto wa miezi minane pumzi kwa nusu dakika, kapata 23, kazidisha mara mbili: 46, hana neno. Mwingine kamfunua kifua, kasubiri anyamaze, kahesabu dakika nzima: 54. Kwa umri ule, kuanzia 50 ni kuhema haraka. Watoto wadogo huenda mbio, wakasita, wakaenda mbio tena. Nusu dakika inakuibia.

Halafu kuna kelele. Mtoto anayelia kwa nguvu, na bibi yake anayefoka zaidi, hupandishwa. Aliyelala kimya begani, mama yake mpole haombi kitu, hubaki kwenye benchi. Mimi huanza na wakimya. Napita foleni nzima nikigusa viganja kabla sijashika kalamu. Kiganja kikiwa baridi nabonyeza ukucha wa kidole gumba. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mapigo ni dhaifu na ya haraka, huyo hana foleni. (Siku za mvua viganja vya wote huwa baridi, kwa hiyo usikimbie kwa dalili hiyo peke yake.)

Hospitali niliyoanzia kazi nilimwingiza mtoto chumba cha dharura, viganja vyeupe pe, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Daktari wa zamu akaniambia mbele ya wazazi, “Sista, kwako kila mtoto ni dharura.” Majibu ya wingi wa damu yalipotoka, wakaanza kukimbizana kutafuta chupa ya damu. Mtoto alipona. Mimi sikuombwa radhi, na hadi leo tukikutana kwenye semina ananisalimu kama mgeni. Haya.

Tangu hapo siandiki “hali mbaya” kwenye kadi. Naandika namba na saa. Mtu akitaka kumshusha mtoto wangu rangi, naye ahesabu, aandike namba yake chini ya yangu.

Na msione haya ni mambo ya karatasi. Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth walipopanga upya mapokezi ya watoto na kufundisha triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Sasa wewe unayeota kuwa mkuu wa kitengo huku unapanga watoto kwa kuwatazama usoni, unataka kumwongoza nani? Mvue mtoto nguo. Hesabu dakika nzima. Aliye kijani mrudie, maana hali ya mtoto hubadilika akiwa hapo hapo kwenye benchi.

Wewe uliyeniandikia: kesho mkikabidhiana zamu, chagueni mtoto mmoja, kila mtu ahesabu peke yake, kisha mlinganishe kadi. Mwenzako akikataa, mpelekee mkuu wenu wa zamu kadi zote mbili, usinitumie mimi.