Kazi zako zisilale chumba kimoja na programu

Fundi akikuambia kompyuta lazima ifomatiwe, yaani diski yake ifutwe na kuanza upya, swali linalofuata huwa ni hili: "Kazi zako umeziweka wapi?" Nimeona watu wenye miaka mingi kazini wakikosa jibu. Wewe unayeanza sasa, lipate mapema.

Faili zilizomo kwenye mashine yako ni za namna mbili. Kuna za programu, na kuna za kwako: barua, hesabu, picha, orodha za wateja. Za programu zikiharibika utaisakinisha upya na maisha yataendelea. Barua uliyoiandika wewe haina duka inakopatikana.

Nilijifunza hili vibaya. Kazini tulitumia programu ya hesabu ya zamani, ambayo ilihifadhi kila tulichoandika ndani ya folda yake yenyewe. Lilipokuja toleo jipya niliondoa lile la zamani kwa utaratibu unaotakiwa, nikakuta folda yake bado ipo. Nikadhani ni masalia, nikaifuta. Kumbe programu inapoondolewa mara nyingi huacha faili ambazo haikuja nazo, yaani zile tulizotengeneza sisi. Miezi saba ya hesabu ilikuwa humo. Tulikaa na mabunda ya risiti wiki tatu tukiandika upya, na zilizofifia wino hatukuzipata tena.

Kwenye Windows, programu hukaa C:\Program Files. Ziache huko na usiweke chako humo. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu inayoendeshwa kwa ruhusa za kawaida hairuhusiwi kuandika kwenye folda hiyo. Programu za zamani zikijaribu, mfumo huzielekeza kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya folda za mtumiaji aliyeingia. Ndipo unaposikia mwenzako analalamika kwamba faili uliyohifadhi asubuhi kwenye mashine hiyohiyo yeye haioni. Haijapotea. Imekaa upande wako, naye ameingia kwa jina lake. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mgawanyo ni wa wazi zaidi: programu nyingi ziko /usr, kazi za watu ziko /home, na wengi huitengea /home sehemu yake ya diski ili mfumo ukisakinishwa upya isiguswe.

Basi tengeneza folda moja kuu, uiite Kazi. Kama diski yako imegawanywa vipande, C chenye mfumo na D kando yake, iweke D. Ndani yake panga kwa shughuli, kisha kwa mwaka. Usipange kwa aina ya programu, barua huku na majedwali kule, kwa sababu shughuli moja hutumia vyote viwili na utakuwa unazunguka folda tatu kutafuta kitu kimoja. Tarehe kwenye majina ianze na mwaka, 2024-03-09, zitajipanga zenyewe kwa mfuatano.

Angalia na desktopu. Watu huiona kama meza iliyo nje ya kompyuta, lakini kwa kawaida ni folda tu ndani ya C:\Users, na C ikifomatiwa inakwenda nayo. Na D nayo, ikiwa ni kipande cha diski ileile, itakufa siku diski yenyewe itakapokufa. Kwa hiyo nakala nyingine ikae kwenye diski ya nje. Hapo ndipo utakapoona faida ya folda moja: unanakili Kazi, basi, huna haja ya kuwinda huku na huku.

Kama unajifunza kuandika programu, sheria ni ileile, tena kali zaidi. Msimbo, yaani maagizo unayoyaandika, ukae folda yake, data ghafi, yaani ile ya awali kama ilivyokuja, ikae yake, na matokeo yakae yake. Data ghafi haihaririwi kamwe. Programu inaisoma na kuandika matokeo pengine. Njia ya kufikia data, yaani anwani ya folda ilimo, iwe kwenye faili ya mipangilio, usiichomeke katikati ya msimbo, la sivyo ukihamia mashine nyingine hakuna kitakachofunguka.

Ukishahamisha faili zako, usiishie hapo. Fungua kila programu unayotumia, ingia kwenye mipangilio yake, ubadilishe mahali inapohifadhi kazi. Kisha hifadhi faili moja ya majaribio, uende mwenyewe ndani ya Kazi uone kama imefika.